Betri ya Pili kwenye Hilux ya Matangazo: Tathmini ya Rilei ya Cyrix-ct, Betri ya AGM na Kazi ya Fundi

Hilux Vigo ya dizeli ya lita 2.5 hutoka kiwandani ikiwa na betri moja, na betri hiyo, ambayo hapa kwetu hubadilishwa kwa ile ya ukubwa wa N70, imekusudiwa kazi moja kubwa: kuzungusha stata kwa sekunde chache, kisha kurudishiwa chaji yake na alteneta na kutulia. Mwenye gari anapoifungia amplifaya, sabufa, vipaza sauti vya pembe juu ya keria na taa za LED za kumulika jukwaa, anaitwika betri hiyo kazi ya pili ambayo haikutengenezewa, na dalili za kuchoka kwake hujitokeza mapema kuliko anavyotarajia. Tathmini hii inahusu vitu vitatu vilivyofungwa pamoja kwenye pikapu yangu ya matangazo jijini Dar es Salaam: rilei (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe kwa umeme) ya Victron Cyrix-ct 12/24-120 inayotenganisha betri mbili, betri ya pili ya AGM, yaani betri ya risasi iliyofungwa ambayo tindikali yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, yenye ampea-saa 100, na kazi ya karakana ya umeme wa magari iliyovifunga. Kitu cha nne, ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa, ni waya, nacho nitakieleza kwa kirefu kwa kuwa ndicho kilichoamua kama fedha yote iliyotumika ilikuwa na maana.

Kabla ya kununua chochote ni lazima mzigo upimwe, na usipimwe kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Taa ndefu ya LED iliyo juu ya keria yangu imeandikwa wati 300. Mita ya kubana waya, ile yenye uwezo wa kusoma mkondo wa betri, ilionyesha ampea 5 na pointi kidogo injini ikiwa inanguruma, yaani wati zisizozidi 75. Amplifaya ya sabufa imechorwa wati 3,000 kwa rangi ya dhahabu, lakini ubavuni ina fyuzi mbili za ampea 30. Hata fyuzi zote mbili zikiwa karibu kukatika, kifaa hicho hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 840 hivi kwenye volti 14, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto kwenye bati lake la kupozea. Mnunuzi anayetaka kujua ukubwa halisi wa amplifaya asome fyuzi zake, kwa sababu fyuzi hazikuwekwa pale kwa ajili ya biashara. Kwa muziki wa kawaida unaokatizwa na maneno ya mtangazaji, mfumo wangu mzima wa sauti ulivuta wastani wa ampea 10, na taa zote kwa pamoja zilivuta 8. Jumla ni ampea 18 gari likiwa limesimama na injini imezimwa.

Hesabu inayofuata ni nyepesi. Betri ya risasi na tindikali, iwe ya maji au kavu, haipaswi kushushwa chini ya nusu ya ujazo wake mara kwa mara kama mwenye nayo anataka idumu. Nusu ya N70 ni ampea-saa 35, ambazo kwa mzigo huo zinakwisha kabla ya saa mbili kutimia, na hapo stata inabaki na betri iliyochoka. Lililo baya zaidi ni kwamba betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi, zilizopangwa hivyo ili itoe mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Ikishushwa chini na kuachwa hivyo usiku kucha, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake na ujazo wake haurudi tena kama ulivyokuwa. Ndiyo maana magari mengi ya matangazo hubadilisha betri mara kwa mara, huku wenye magari wakilaumu chapa ya betri.

Njia za kuongeza betri ya pili ni kadhaa, na nyingine zinapendwa kwa urahisi wake tu. Iliyozoeleka zaidi ni kuziunganisha betri mbili moja kwa moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, bila kitu chochote katikati. Fundi huimaliza kazi hiyo haraka na mteja huondoka akiwa ameridhika, lakini betri hizo zinakuwa kitu kimoja: sabufa ikizimaliza, inazimaliza zote mbili, na kama moja ni mpya na nyingine ni chakavu, chakavu hunyonya mpya usiku kucha. Swichi ya kuzungusha kwa mkono inafanya kazi vizuri kwa mtu asiyesahau, na mtangazaji aliyefika nyumbani saa sita usiku akiwa amepoteza sauti si mtu wa namna hiyo. Diodi za kutenganisha, ambazo hupitisha umeme upande mmoja tu, hazisahau, lakini za aina ya kawaida hupoteza volti 0.7 hivi njiani, kwa hiyo alteneta ikitoa volti 14.1 betri ya pili inapata 13.4 na haijai kamwe. Rilei ya kawaida inayovutwa na swichi ya ufunguo ni nafuu, ila huunganisha betri zote mbili wakati uleule stata inapozunguka, na mkondo wa stata hupita kwenye waya ambao haukupimiwa kazi hiyo.

Rilei inayosoma volti inaondoa karibu matatizo yote hayo kwa bei ambayo si ya kutisha. Msingi wake ni kwamba betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8, ilhali alteneta inapofanya kazi volti hupanda hadi 13.8 au zaidi. Rilei inaangalia tofauti hiyo na kujua kama injini inachaji au la. Cyrix-ct ni kiboksi kidogo chenye boliti mbili kubwa na waya mwembamba mmoja wa kwenda hasi, basi. Inabeba ampea 120 mfululizo, na inatambua yenyewe kama mfumo ni wa volti 12 au 24. Kinachoitofautisha na rilei nyingine za jamii yake ni kwamba haitumii namba moja isiyobadilika: huunganisha volti zikiwa kati ya 13.0 na 13.8 na kuachanisha zikiwa kati ya 11 na 12.8, kwa kufuata mwelekeo wa volti na muda uliopita. Volti zikiwa juu huunganisha ndani ya sekunde chache. Zikiwa karibu na 13.0 husubiri dakika kadhaa kabla ya kuamua.

Subira hiyo ina faida inayoonekana kwa macho. Betri ya pili iliyoshuka sana inapounganishwa huvuta mkondo mkubwa ghafla, na volti za mfumo mzima hushuka papo hapo. Rilei rahisi huona kushuka huko, ikaachia. Volti zikapanda, ikashika tena. Na hivyo hivyo, ikigonga kila baada ya sekunde chache hadi vishikizo vyake vya ndani viungue. Nimeisikia rilei ya namna hiyo ikigonga kwenye gari la jirani wa biashara, na sauti yake husikika ukiwa umesimama nje ya boneti. Cyrix-ct kwenye gari langu hugonga mara moja muda mfupi baada ya injini kuwaka, na mara moja tena muda fulani baada ya injini kuzimwa. Mtumiaji mpya asishtuke akizima gari na kuona taa ndogo ya rilei bado inawaka: volti za juujuu za betri iliyotoka kuchajiwa huchukua muda kushuka, na hadi zishuke rilei inaamini kwamba chaji ipo. Mzigo mkubwa ukiwashwa kipindi hicho, volti hushuka haraka na rilei huachia bila kuumiza betri ya mbele.

Jambo jingine zuri ni kwamba rilei hii husoma pande zote mbili. Paneli ya sola ya wati 150 iliyolazwa juu ya keria, ikipitia kidhibiti chaji, huijaza betri ya nyuma mchana gari likiwa limeegeshwa. Volti zikifika kiwango chake rilei huunganisha na betri ya stata nayo ikapata sehemu yake. Kwa jua la Dar es Salaam, paneli ya ukubwa huo hurudisha ampea-saa 35 hadi 40 kwa siku yenye anga safi, kiasi kinachokaribia kufidia jioni nzima ya kazi. Mapungufu ya rilei yapo pia. Ampea 120 ni nyingi kwa kuchaji lakini ni chache kwa winchi, na mwenye winchi asidhani kwamba betri ya nyuma itamsaidia kupitia kiboksi hiki.

Kwa upande wa betri, nilichagua AGM ya ampea-saa 100 kutoka duka la vifaa vya sola Kariakoo badala ya N120 ya maji ambayo mafundi wengi huipendekeza. N120 ina ampea-saa nyingi zaidi kwenye karatasi na bei yake ni ya chini, lakini bado ni betri ya stata iliyokuzwa, na tena inatoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo haifai kukaa kwenye kabini au ndani ya boksi lisilo na matundu. AGM imefungwa, haimwagi tindikali gari likipita kwenye makorongo, inavumilia kushushwa hadi nusu mara nyingi zaidi, na inapokea chaji kwa kasi. Ni nzito: mikono miwili yenye nguvu inahitajika kuinua kilo 30 hivi, na kitu chenye uzito huo kisichofungwa vizuri kinakuwa hatari gari likifunga breki ghafla. Yangu imekaa ndani ya boksi la chuma lililochomelewa kwenye kona ya bodi, nyuma tu ya kabini, likiwa na matundu pembeni na ukanda wa chuma unaopita juu ya betri.

Wapo watakaouliza kwa nini isikae chini ya boneti, ambako waya ungekuwa mfupi. Sababu ni joto. Kanuni inayofahamika ya betri za risasi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya nyuzi 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu, na chini ya boneti ya gari la dizeli linalotembea kwa mwendo wa mtangazaji, yaani kasi ya mtu anayetembea kwa miguu kwenye foleni ya Tandika mchana, hakuna upepo wa kupoza chochote. AGM huumia kuliko betri ya maji katika hali hiyo, kwa kuwa maji inayopoteza hayaongezwi. Boksi la nyuma lina kivuli na hewa, na gharama yake ni mita chache za waya.

Hapo ndipo ninapofika kwenye waya. Kutoka rilei iliyo karibu na betri ya mbele hadi boksi la nyuma ni mita 5 kwa njia inayofuata chesisi. Betri iliyoshuka nusu inaweza kuvuta ampea 40 mwanzoni mwa chaji. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4, ambao ndio unaopatikana kwenye seti nyingi za kufungia amplifaya, hupoteza karibu volti 0.9 kwa umbali na mkondo huo. Wa milimita za mraba 16 hupoteza 0.2 tu. Tofauti ya volti 0.7 ni kubwa kama ile ya diodi niliyoilalamikia hapo juu, na maana yake ni ileile: alteneta inatoa 14.1, betri inapata 13.2, kisha mwenye gari anashangaa kwa nini muziki unakatika mapema. Mkondo ukipungua betri inapokaribia kujaa, upotevu nao hupungua, lakini gari la mjini halitembei muda wa kutosha kufika huko.

Karakana niliyoitumia iko Ilala na sitaitaja jina. Mafundi wake walianza vizuri kuliko nilivyotarajia: fundi mkuu alipima volti za betri ya mbele gari likiwa limezimwa, akapima tena likiwa limewashwa na taa zote zinawaka, akasoma bamba la alteneta na kuniambia kwamba ampea 80 zilizoandikwa hapo zinatosha, mradi nisitegemee gari lililosimama likinguruma kujaza betri mbili. Ulikuwa ushauri wa kweli, na hakuwa na la kuniuzia kwa kuutoa. Njia ya waya waliipanga kwa ustadi, ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, mbali na bomba la moshi, na kila tundu la bati walilitia mpira ili ukingo usikate ganda la waya.

Waya wenyewe ndio uliotukosanisha. Walileta rundo la waya mnene mwekundu unaong'aa, ganda lake likiwa nene kama kidole. Nilipokwangua ncha yake kwa kisu, wekundu wa shaba ulitoka kama rangi ya kupaka na chini yake kukabaki nyuzi nyeupe: alumini iliyopakwa shaba, ambayo kwa unene uleule hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba halisi, na ambayo huoza haraka ncha zake zikipata chumvi ya pwani. Fundi hakubisha sana. "Bosi, hii ndiyo wanayofunga wote," alisema, na sina shaka kwamba alikuwa anasema kweli. Nilikwenda mwenyewe Gerezani kununua waya wa mashine ya kuchomelea, ambao ni shaba tupu yenye nyuzi nyingi laini, unapinda bila kuvunjika na ganda lake la mpira linavumilia mafuta na joto. Ni waya bora kwa kazi hii, na kwa bahati muuzaji huukata kwa mita.

Mambo mengine mawili yalihitaji kusemwa ili yafanywe sawasawa. La kwanza ni fyuzi. Walikuwa tayari wameweka fyuzi ya ampea 100 karibu na betri ya mbele na kuona imetosha, wakati waya huu una betri kwenye ncha zake zote mbili. Ukikwaruzika katikati na kugusa chesisi, fyuzi ya mbele itakatika na betri ya nyuma itaendelea kumwaga mkondo wake wote kwenye shoti hiyo hadi waya uwake moto. Fyuzi ni mbili, kila moja isizidi sentimita chache kutoka kwenye ncha chanya ya betri yake, na hakuna karakana inayostahili kulipwa kabla hazijawekwa zote. La pili ni hasi ya betri ya nyuma, ambayo waliifunga kwa boliti kwenye bati la bodi lenye rangi. Mita ilionyesha tatizo mara moja: injini ikiwa inachaji, kwenye betri ya mbele ilisoma 14.1, kwenye ya nyuma 13.5, ingawa waya wa chanya ulikuwa wa kutosha. Tulisugua rangi hadi chuma king'ae, tukahamishia hasi kwenye chesisi yenyewe kwa waya wa unene uleule, tukapaka grisi juu ya kiungo, na namba ya nyuma ikapanda hadi 13.9. Bodi ya pikapu imekaa juu ya chesisi kwa boliti zenye mpira na kutu, na haifai kuaminiwa kurudisha mkondo mkubwa.

Kwa upande wa sauti kulikuwa na mluzi mwembamba kwenye spika, unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini. Ulitoweka pale redio na amplifaya zote mbili zilipopewa hasi ya mahali pamoja, badala ya redio kuchukua hasi nyuma ya dashibodi na amplifaya kuchukua yake nyuma. Waya wa njano wa redio, ule unaoshika kumbukumbu za stesheni, nao ulihamishiwa betri ya pili, ili kila kinachokula umeme gari likiwa limelala kisiiguse betri ya stata.

Matokeo ni haya. Kwa mzigo wa ampea 18, taa na muziki hufanya kazi kwa saa mbili na nusu hadi karibu tatu injini ikiwa imezimwa, na volti za betri ya nyuma ikipumzika baada ya hapo husoma 12.2 au chini yake kidogo, ndiyo nusu niliyojiwekea kama kikomo. Betri ya mbele inabaki 12.6 na stata inazunguka kana kwamba hakuna sherehe iliyokuwepo. Sabufa pia inapiga kwa uthabiti zaidi, si kwa sababu betri ya pili inaongeza nguvu yoyote ya kimiujiza, bali kwa sababu amplifaya sasa iko mita moja kutoka kwenye chanzo chake, na taa hazipepesi tena kila ngoma inapogonga.

Kinachohitaji kueleweka na kila anayefikiria kufunga mfumo huu ni kwamba betri ya pili ni ghala tu. Umeme wote unatoka kwenye alteneta, kwenye sola au kwenye chaja ya ukutani, na ampea-saa 50 zilizotumika lazima zirudishwe. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro inarudisha sehemu kubwa; mizunguko ya Kinondoni na Sinza kwenye foleni hairudishi, kwa sababu alteneta ikizunguka polepole hutoa sehemu tu ya ampea zilizoandikwa kwenye bamba lake, na asilimia 20 za mwisho za betri ya risasi huingia taratibu hata chaji iwe kubwa namna gani. Gari linalofanya kazi mjini pekee linahitaji paneli ya sola au chaja ya ukutani usiku, vinginevyo AGM ya gharama itakufa kwa njaa ileile iliyoua N70.

Mfumo huu pia haufai kwa kila gari. Magari mapya ya viwango vya Euro 6, vile vya Ulaya vya kupunguza moshi wa magari, yana alteneta zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushusha volti hadi karibu 12.5 gari likiwa linatembea ili kuokoa mafuta. Rilei inayosoma volti itadhani injini imezimwa na kuachia. Kwa magari hayo, na vilevile kwa betri za lithiamu, kinachotakiwa ni chaja ya betri kwa betri kama Orion-Tr Smart ya kampuni ileile, ambayo hupandisha volti na kuweka kikomo cha mkondo. Betri ya lithiamu ikiunganishwa kwa rilei tupu huvuta kila ampea inayopatikana, na alteneta ndogo iliyo kwenye mwendo wa kusimama inaweza kuchemka hadi kuungua.

Mwenye Fuso au Scania ana suala tofauti kabisa. Gari lake tayari lina betri mbili, lakini zimeunganishwa kwa mfuatano kutoa volti 24, na desturi ya kuchukua volti 12 za redio kutoka katikati, kwenye betri moja, ndiyo inayoua betri hizo. Inayochukuliwa hushuka, mwenzake haishuki, na alteneta inayotoa volti 28 kwa zote mbili humjaza kupita kiasi yule aliyejaa huku ikimwacha mwenzake na njaa. Hapo dawa ni konveta ya kushusha 24 kuwa 12, yenye ampea za kutosha amplifaya, iliyounganishwa kwenye ncha mbili za mwisho za mfumo mzima.

Gharama zangu, kwa bei za dukani ambazo hubadilika na dola, ziligawanyika hivi: betri ya AGM ilichukua zaidi ya nusu ya fedha yote, kwa kitu kinachokaribia laki tano na nusu, rilei ilikaribia laki mbili, waya wa kuchomelea, fyuzi na vishikio vyake, na lagi za shaba zilizobanwa kwa koleo la haidroliki vilifika laki moja na ushee, boksi la chuma na ufundi vilimaliza kilichobaki. Anayebanwa na bajeti aanze na waya wa shaba, fyuzi mbili na rilei, kisha aweke betri ya pili ya bei nafuu kwa muda, kwa sababu betri hubadilishwa kwa dakika chache, ilhali waya mbaya ukishapita chini ya gari zima hakuna anayejisumbua kuutoa.

Rilei naipendekeza bila masharti kwa Hilux, Land Cruiser na pikapu nyingine zenye alteneta za kawaida. Betri naipendekeza kwa mwenye njia ya kuijaza. Karakana ilichelewesha gari kupita ahadi yake na ikajitetea kwa maneno mengi, lakini mikono yake ni safi, ilikubali kurudia kazi ya hasi bila kudai nyongeza, na ilinipa risiti yenye dhamana ya miezi mitatu kwa ufundi wake. Nikiwa na gari jingine nitalipeleka palepale, nikiwa nimebeba waya wangu mwenyewe.